Idara za Leta na Mazingira: Historia ya Kamati ya 1975 na Warithi Wake nchini Kongo

Neno mazingira, kwa maana tunayolitumia leo katika sheria na katika mihadhara, si la zamani sana katika lugha yetu. Kitenzi zingira ni cha kale: watu wamezingira mji, wamezingira mnyama, wamezingirwa na maji. Lakini kulifanya jina la jambo linalohitaji wizara, bajeti na sheria ni kazi ya nusu ya pili ya karne ya ishirini. Kwa upande mwingine, Waswahili wa Kongo, kuanzia Kisangani hadi Lubumbashi, wana neno jingine lililotangulia, nalo ni Leta, lililotokana na Kifaransa l'État. Katika mazungumzo ya watu Leta ni moja: ndiyo inayotoza kodi, ndiyo inayojenga barabara, ndiyo inayofunga watu. Haina idara. Mzee anaposema kwamba shamba la baba yake lilichukuliwa na Leta, hatofautishi kama aliyelichukua alikuwa bwana kilimo, bwana madini au mlinzi wa hifadhi.

Makala haya yanahusu pengo lililopo kati ya maneno hayo mawili. Mazingira ni kitu kimoja kisichogawanyika: mto hauulizi mpaka wa wizara unapoteremka kutoka msituni na kupita machimboni hadi ziwani. Leta, ambayo msemaji huidhania kuwa moja, kumbe ni nyingi, na kila moja ina muhuri wake. Mara nyingi husemwa katika ripoti na semina kwamba dawa ya hali hiyo ni kuunda kamati ya kuziunganisha idara. Historia inatuambia jambo tofauti kidogo. Kamati hiyo tayari iliundwa nchini kwetu mwaka wa 1975, na baada yake zikaundwa nyingine kadhaa. Kwa hiyo swali linalomfaa mwanahistoria ni kwa nini kamati hizo, isipokuwa moja ambayo tutaieleza, hazikuweza kuzuia idara mbili zisigawe ardhi ileile kwa watu wawili.

Tutachukua mifano yetu hasa kutoka Kivu, katika Hifadhi ya Virunga na Ziwa Edward, kwa sababu huko ndiko mvutano wa idara ulikoanza mapema na ndiko ulikoacha kumbukumbu nyingi.

Kivu kabla ya uhuru

Hifadhi ya kwanza ya taifa barani Afrika iliundwa kwa amri ya tarehe 21 Aprili 1925, ikapewa jina la Mfalme Albert wa Ubelgiji. Mwanzoni ilikuwa eneo dogo la volkeno lililokusudiwa kuwalinda sokwe wa milimani, kutokana na juhudi za Mmarekani Carl Akeley. Mipaka yake ikapanuliwa, hasa mwaka wa 1929 na mwaka wa 1935, hata ikafunika uwanda wa Rutshuru, Ziwa Edward upande wa Kongo, na miteremko ya Ruwenzori. Mwaka wa 1934 iliundwa Taasisi ya Hifadhi za Taifa za Kongo ya Kibelgiji, ambayo makao yake makuu yalikuwa Brussels, chini ya uongozi wa mtaalamu Victor van Straelen. Taasisi hiyo haikuwa idara ya serikali ya koloni. Wahifadhi wake katika Rutshuru waliandika barua zao Ubelgiji, ilhali msimamizi wa wilaya, aliyekaa mwendo mfupi kutoka kwao, aliandika zake kwa mkuu wa jimbo.

Katika nchi ileile kulikuwa na mwenye mamlaka wa tatu. Mwaka wa 1928 iliundwa Comité National du Kivu, shirika lililopewa haki ya kugawa ardhi kwa walowezi, likifuata mfano wa Comité Spécial du Katanga ya mwaka wa 1900. Shirika hilo lilitaka mashamba ya kahawa na chai. Idara ya kilimo nayo ilitaka mazao ya wenyeji, na baada ya vita vya pili vya dunia ikaanza kampeni za kuzuia mmomonyoko wa udongo milimani. Idara ya afya ilikuwa na vita vyake dhidi ya malale, na hoja ya malale ilisaidia kuwaondoa watu kandokando ya ziwa na katika uwanda, jambo lililowapendeza wahifadhi kwa sababu zao wenyewe. Kisha, kuanzia mwaka wa 1937, utawala uliwahamisha watu kutoka Rwanda na kuwapa makazi Gishari, katika Masisi, kwa sababu Rwanda ilihesabiwa kuwa na watu wengi mno na mashamba ya walowezi yalihitaji wafanyakazi.

Tukiitazama ramani ya Kivu ya mwaka wa 1940 tutaona basi kwamba ardhi ileile ilipangwa na watu wanne au watano, na kila mmoja alikuwa na sababu nzuri machoni pake. Mhifadhi alisema ardhi ni ya wanyama. Shirika la Kivu likasema ni ya mlowezi. Daktari akasema ni hatari kwa binadamu, na bwana kilimo akasema imechoka, ipumzishwe. Mwenyeji aliyeondolewa uwandani kwa amri ya mmoja alipanda mlimani, na huko akamkuta mwingine akimwambia kwamba amelima mteremko uliokatazwa. Si ajabu kwamba alizijumlisha idara zote katika neno moja, Leta. Kwake yeye kwa kweli zilikuwa moja, kwa kuwa matokeo yalikuwa mamoja.

Ziwani palipatikana suluhu fulani. Mwishoni mwa miaka ya 1940 uvuvi wa wenyeji uliruhusiwa tena kwa utaratibu wa ushirika, na hatimaye vijiji vitatu vya wavuvi vikatambuliwa ndani ya mipaka ya hifadhi, yaani Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma. Suluhu hiyo ilikuwa ya busara, kwani ziwa lilikuwa na samaki wengi, na miji ilihitaji chakula. Ila iliacha swali ambalo halijajibiwa hadi leo: mvuvi wa Vitshumbi yuko chini ya nani? Anaishi ndani ya hifadhi, anavua samaki ambao ni shughuli ya kilimo, anasafiri katika chombo ambacho ni shughuli ya uchukuzi, na anasimamiwa na chifu ambaye ni wa utawala.

Tarehe 22 Julai 1975

Baada ya uhuru sheria ya msingi kuhusu hifadhi ilikuwa amri-sheria namba 69-041 ya tarehe 22 Agosti 1969. Ilikuwa sheria kali. Ndani ya hifadhi ilikataza kuwinda, kuvua, kuchimba, na kila kazi yenye kubadili sura ya ardhi au ya mimea. Miaka minne baadaye, sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ikatangaza kwamba ardhi yote ni mali ya taifa peke yake. Ukizisoma pamoja utafikiri kwamba mambo yamenyooka: ardhi ni ya Leta, na Leta imeamua kwamba sehemu hii isiguswe. Kilichokosekana ni mtu wa kusema ni Leta ipi.

Jibu lilitolewa siku moja. Tarehe 22 Julai 1975 Rais Mobutu alitia sahihi maandiko matatu. La kwanza, namba 75-231, liliweka wazi kazi za Idara mpya ya Mazingira, Hifadhi ya Viumbe na Utalii. (Wasomaji vijana wakumbuke kwamba wakati huo wizara ziliitwa idara, na mawaziri waliitwa makamishna wa taifa.) La pili, namba 75-232, liliunda kamati ya kuziunganisha idara zote katika mambo ya mazingira, hifadhi na utalii. La tatu, namba 75-023, liliipa taasisi ya hifadhi katiba mpya na jina jipya la Kizaire, IZCN. Zaire ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza za Afrika kuwa na wizara ya mazingira, na ni haki kulisema hilo bila kejeli. Mkutano wa Stockholm ulikuwa umefanyika mwaka wa 1972 tu.

Hata hivyo tarehe zina maana yake. Mwezi Septemba wa mwaka huohuo, yaani wiki chache baadaye, Kinshasa ilipokea mkutano mkuu wa kumi na mbili wa shirika la kimataifa la hifadhi, IUCN. Wageni walipofika walikuta wizara iliyo tayari, kamati iliyo tayari, na Rais aliyeahidi kutenga kati ya asilimia 12 na 15 ya nchi kwa ajili ya hifadhi. Hatusemi kwamba maandiko yale yaliandikwa kwa ajili ya wageni tu. Twasema kwamba yaliandikwa na watu waliojua kuwa wageni wanakuja, na jambo lililoandikwa hivyo huwa zuri kwa umbo kuliko kwa nguvu.

Udhaifu wa kamati unaonekana ukizingatia ilichopewa na ilichonyimwa. Ilipewa wajumbe. Haikupewa uwezo wa kuzuia kibali cha idara nyingine. Idara mpya ya mazingira ilirithi misitu kutoka kilimo, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini madini yalibaki kwenye madini, ardhi ikabaki kwenye ardhi, na umeme wa maji ukabaki kwenye nishati. Kamishna wa mazingira aliketi mezani pamoja na kamishna wa madini kama wenzi sawa kwa cheo. Nje ya meza hiyo hawakuwa sawa hata kidogo, kwa kuwa fedha za kigeni za nchi zilitoka katika shaba ya Gécamines, si katika sokwe wa Rutshuru. Na wakati wenyewe ulikuwa mbaya, kwa kuwa bei ya shaba ilikuwa imeanguka tangu mwaka wa 1974, na hazina ya taifa ikaanguka pamoja nayo. Kamati iliyozaliwa katika njaa haiwezi kumwambia anayeleta chakula asubiri.

Dalili nyingine ya udhaifu huo ni kwamba kila jambo jipya lilipotokea iliundwa kamati nyingine badala ya kuitumia iliyopo. Mwaka wa 1981 iliundwa kamati ya taifa ya maji na usafi, chini ya mpango. Mwaka huohuo, tarehe 2 Aprili, ilitolewa amri-sheria namba 81-013 kuhusu madini na mafuta, na ndani yake ardhi ya chini ikapewa mantiki yake yenyewe: anayetafuta madini anatazama mwamba, na kilicho juu ya mwamba ni suala la fidia.

Methali ya pwani husema kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Kwa maoni yetu methali hiyo haitufai hapa. Manahodha wakiwa katika chombo kimoja angalau wanaogopa kuzama pamoja. Idara zetu zilikuwa na vyombo mbalimbali katika maji mamoja, na mgongano haukumwumiza nahodha yeyote.

Sababu moja haina budi kutajwa wazi, kwa kuwa ripoti rasmi huipitia haraka. Tangu mwisho wa miaka ya 1970 mshahara wa mtumishi wa serikali ulipoteza thamani mwaka hadi mwaka. Ofisi nyingi zikaishi kwa malipo ya vibali, mihuri na faini zilizotoza zenyewe. Katika hali hiyo mamlaka juu ya msitu, juu ya mtumbwi au juu ya gunia la makala ni chakula cha ofisi. (Makala hapa ni mkaa, kama tusemavyo sisi Wakongo, si andishi hili.) Mtumishi anayeombwa kuunganisha kazi yake na ya jirani anaombwa kwa kweli kugawana sahani. Ndiyo maana gunia moja la makala likitoka Rutshuru kwenda Goma huweza kulipiwa mara nne njiani kwa huduma nne, na hakuna hata moja kati ya hizo nne inayojua miti mingapi imekatwa.

Vita, kambi na viboko

Miaka ya 1990 tutaipitia kwa ufupi. Mwezi Julai 1994 wakimbizi zaidi ya laki saba walivuka mpaka kutoka Rwanda na kuwekwa katika kambi za Kibumba, Katale, Kahindo na Mugunga, pembezoni mwa hifadhi. Mwaka huohuo UNESCO, iliyokuwa imeiandika Virunga katika Urithi wa Dunia mwaka wa 1979, iliiweka katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mahali pa kambi palichaguliwa kwa haraka na watu waliokuwa wakiokoa maisha, na hakuna anayeweza kuwalaumu kwa hilo. Ila kuni za kupikia zilitoka hifadhini kila siku kwa zaidi ya miaka miwili, na idara ya hifadhi haikuwa mezani pale mahali pa kambi palipoamuliwa.

Baada ya kambi vikaja vita. Hapa tukumbuke idara moja ambayo wanaozungumzia mazingira huisahau, nayo ni ulinzi. Katikati ya miaka ya 1970 Ziwa Edward na mito yake vilikuwa na viboko wapatao 29,000, kundi kubwa kuliko yote duniani. Hesabu ya mwaka wa 2005 ilikuta chini ya 1,000. Viboko hao waliuawa na watu wenye bunduki za kila rangi, wakiwamo askari wa serikali ambao hawakulipwa mshahara. Wavuvi wa Vitshumbi walijua kabla ya wataalamu kwamba kinyesi cha kiboko ni chakula cha samaki, na kwamba ziwa linakuwa maskini. Askari wa idara moja alikula akiba ya idara ya pili na ya tatu, na mlinzi wa hifadhi aliyejaribu kumzuia alihatarisha maisha yake. Katika historia ya Virunga walinzi zaidi ya 200 wameuawa wakiwa kazini.

Sheria mbili za mwaka mmoja

Mwaka wa 2002 unastahili uangalifu wa pekee. Tarehe 11 Julai ilitangazwa sheria namba 007/2002, yaani Kanuni ya Madini. Tarehe 29 Agosti ikafuata sheria namba 011/2002, yaani Kanuni ya Misitu. Kati yao zimepita wiki saba. Zilitolewa na serikali moja, zikashauriwa na wafadhili walewale, na zilihusu ardhi ileile, maana madini ya Kongo kwa sehemu kubwa yako chini ya msitu au chini ya pori. Mtu angetarajia kwamba waandishi wake walikuwa chumba kimoja. Walikuwa majengo mawili.

Kanuni ya Madini iliunda kadasta yake, yaani daftari la mipaka ya vibali vya madini. Kanuni ya Misitu nayo ikaagiza kadasta ya misitu. Huduma za ardhi zilikuwa na kadasta yao tangu ukoloni. Basi nchi ikawa na ramani tatu. Mwenye kibali cha madini alionyesha mraba wake ulioandikwa kihalali, mwenye mkataba wa miti akaonyesha wake ulioandikwa kihalali, na wanakijiji, ambao haki yao ya kimila haikuandikwa popote, hawakuwa na cha kuonyesha. Katanga tumeyaona hayo kwa macho yetu: eneo la uwindaji la Basse-Kando, karibu na Kolwezi, lilifunikwa na vibali vya madini ingawa lilikuwa katika orodha ya maeneo yanayolindwa.

Jambo la pili ni ukaguzi. Kanuni ya Madini iliuweka ukaguzi wa madhara ya mazingira ndani ya wizara ya madini yenyewe, katika kurugenzi inayohusika na mazingira ya machimbo. Wizara ya mazingira ilikuwa na kundi lake la wataalamu wa ukaguzi tangu mwaka wa 2006, kisha ikapata wakala kamili, Agence Congolaise de l'Environnement, kwa amri ya mwaka wa 2014. Kwa miaka mingi basi kampuni ya shaba ilipimwa hasa na wizara ambayo kazi yake ni kuongeza uzalishaji wa shaba. Marekebisho ya tarehe 9 Machi 2018 yalimwingiza wakala huyo katika kazi ya kupima machimbo pamoja na kurugenzi ya madini. Ilichukua miaka 16 kuwaketisha wataalamu wa wizara mbili mbele ya faili moja, na twaweza kuuliza ni mito mingapi ya Kusini mwa Katanga iliyobadilika rangi katika miaka hiyo 16.

Mafuta chini ya ziwa

Kisa cha mafuta ndicho kinachoonyesha waziwazi zaidi kwamba idara mbili zinaweza kuwa na haki kwa wakati mmoja. Tangu mwaka wa 2006 wizara inayohusika na mafuta iligawa bonde la Graben Albertine katika vitalu, na vitalu vya III, IV na V vilifunika asilimia 85 hivi ya Hifadhi ya Virunga. Kitalu cha V kilikuwa na Ziwa Edward ndani yake. Mikataba ilitiwa sahihi, na mwaka wa 2010 mkataba wa kitalu cha V, uliohusu kampuni ya Uingereza iitwayo SOCO, ukapata idhini ya Rais. Sheria ya 1969 ilikuwa bado inafanya kazi. Andiko moja lilikataza kuchimba, andiko jingine likaruhusu kutafuta mafuta, na yote mawili yalibeba nembo ya Jamhuri.

Mwezi Machi 2011 waziri wa mazingira, José Endundo, aliukataa uchunguzi wa madhara uliowasilishwa, akaagiza pafanyike tathmini pana ya bonde zima kwanza. Kwa mara ya kwanza katika historia tunayoieleza, wizara ya mazingira ilisema hapana kwa sauti iliyosikika nje ya jengo lake. Hapana hiyo haikudumu. Mwishoni mwa mwaka huohuo kampuni ilipata ruhusa ya uchunguzi, kwa hoja kwamba sheria ya hifadhi iliacha nafasi kwa kazi za kisayansi. Mwaka wa 2014 upimaji wa mitetemo ulifanyika ziwani. Tarehe 15 Aprili ya mwaka huo mkurugenzi wa hifadhi, Emmanuel de Merode, alipigwa risasi njiani akitoka Goma, akapona. Mwezi Juni kampuni ilitangaza kwamba haitaendelea bila makubaliano ya UNESCO na serikali. Total ilikuwa imekwisha kuahidi, mwaka wa 2013, kutoingia ndani ya mipaka ya hifadhi.

Tuangalie nani aliamua. Mzozo kati ya wizara mbili za Kongo ulitatuliwa na wenye hisa, na mashirika ya Ulaya, na filamu iliyoonyeshwa ulimwenguni. Kamati ya kuunganisha idara haikutajwa. Wakati huo, kwa maandishi, palikuwapo nyingine mpya: sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 kuhusu misingi ya ulinzi wa mazingira ilikuwa imeunda Baraza la Taifa la Mazingira na Maendeleo ya Kudumu. Kabla yake, amri namba 09/40 ya tarehe 26 Novemba 2009 ilikuwa imeunda kamati ya mawaziri kwa ajili ya mpango wa REDD, yaani mpango wa kupunguza hewa ya ukaa itokanayo na ukataji wa misitu. Kutoka 1975 hadi 2011 dawa ni ileile, chupa tu ndiyo imebadilishwa.

Sheria zilizofuata ziliuhamisha ugomvi badala ya kuumaliza. Sheria ya hifadhi ya tarehe 11 Februari 2014 na sheria ya mafuta ya tarehe 1 Agosti 2015 zote mbili zimeacha mlango wa kuondoa sehemu ya hifadhi katika ulinzi kwa manufaa ya umma. Mwezi Julai 2022 vitalu 27 vya mafuta na vitatu vya gesi vilitolewa kwa mnada, vingine vikigusa tena Virunga. Mnada huo ulifutwa mwezi Oktoba 2024.

Kamati iliyofanya kazi

Tumesema kwamba ipo kamati moja isiyofanana na nyingine. Baada ya vita serikali ilirithi mikataba mingi ya kukata miti, mingine ikiwa imetolewa kiholela. Utoaji wa mikataba mipya ulikuwa umesimamishwa mwezi Mei 2002, na amri ya tarehe 24 Oktoba 2005 ikaweka utaratibu wa kuikagua ile ya zamani mmoja baada ya mwingine. Iliundwa tume ya wizara kadhaa, ikasaidiwa na wataalamu huru kutoka nje. Ilipokea maombi 156. Mwezi Oktoba 2008 ilitangaza kwamba 46 yalistahili kugeuzwa kuwa mikataba ya sheria mpya. Baada ya rufaa, mwezi Januari 2009, idadi ikafika 65. Mengine yakakataliwa.

Kazi hiyo ilikuwa na kasoro zake. Ilichelewa, wenyeji hawakusikilizwa kila mahali kama ilivyoandikwa, na baadhi ya waliokataliwa hawakuacha kukata miti siku ileile. Hata hivyo tume ilifanya jambo ambalo kamati ya 1975 haikulifanya kamwe, yaani ilisema hapana kwa majina. Tukitafuta sababu, hatuioni katika ubora wa wajumbe, maana watumishi walitoka katika wizara zilezile. Tume ilikuwa na orodha yenye mwisho. Uamuzi wake ulikuwa na nguvu ya sheria juu ya wizara iliyotoa mkataba. Na zaidi ya yote, wakati wa kazi yake mlango wa vibali vipya vya miti ulikuwa umefungwa kisheria, kwa hiyo wizara isingeweza, angalau kwa maandishi, kutoa kwa mkono wa kushoto kile ambacho tume ilikikataa kwa mkono wa kulia. Kamati za kawaida hukutana huku vibali vikiendelea kutoka, na kila kibali kinachotoka huwafanya wajumbe wajadili jambo lililokwisha kutendeka.

Tukilitumia jambo hilo kama kipimo, mwaka wa 2025 unatupa mfano wa karibu. Mwezi Januari serikali iliunda kwa amri eneo la ulinzi liitwalo Ukanda wa Kijani, kutoka Kivu hadi Kinshasa, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 540,000 hivi, Virunga ikiwa kwenye ncha yake ya mashariki. Miezi michache baadaye vitalu vipya 52 vya mafuta vilitangazwa katika Bonde la Kati. Ramani ya ukanda ilitoka katika jengo moja na ramani ya vitalu katika jengo jingine, na zilipowekwa moja juu ya nyingine ilionekana kwamba sehemu kubwa ya vitalu iko ndani ya ukanda. Waliozipandanisha ramani hizo, na kutangaza walichokiona, walikuwa watafiti wa mashirika yasiyo ya serikali.